Jani la Nne Kutoka Kileleni

Bibi Shamba hakuwa na tabia ya kumwuliza mtu mzima habari za nyumba yake. Ukimkaribisha barazani atakuja, ataitikia salamu zote, atapokea maji na kuyanywa mpaka tone la mwisho, halafu atageuza shingo kutafuta mtoto. Hakumtaka yule anayetambaa, wala kaka mtu aliyeanza kuota ndevu. Alimtaka wa katikati, mwenye miaka kumi hivi, aliyesimama mlangoni akikuna mguu kwa mguu.

"Mwanangu, jana mlikula nini?"

"Muhogo."

"Na juzi?"

"Muhogo."

Mama mtu anaangalia chini, maana dakika moja tu nyuma ameapa kwamba walikula wali kwa samaki.

"Mdogo hajui kitu, na mkubwa keshajifunza kusitiri," aliniambia siku moja nilipomwuliza kisa cha kutudhalilisha hivyo. "Wa kati ndiyo kwanza amemaliza kukua. Kilichomo ndani ya nyumba kimo ndani yake."

Alivyouliza nyumba ndivyo alivyouliza pamba.

Alikozaliwa sikujui, na ukoo wake sikuuliza. Kiswahili chake kilikuwa cha bara, kinatembea taratibu, kila neno na nafasi yake, kama mtu anayevuka matope kwa viatu vipya. Gari la wilaya lilimshusha kijijini kwetu, mbele kidogo ya Chanika, pamoja na baiskeli na sanduku dogo la mbao lenye kufuli, likageuza likaondoka. Wengine tulikuwa wapya vilevile. Ndiyo kwanza tumehamishiwa pale tuishi pamoja, nyumba zimepangwa mstari kama viti vya mkutano, na kila mtu anamchungulia jirani yake kujua ni wa namna gani. Serikali ilisema huyu ni mtaalamu wa kilimo. Sie tukasema ni Bibi Shamba, na jina likakaa.

Mie nilikuwa nauza mihogo, mapapai na makuti pale njia panda, na watu wananijua kwa kitu kimoja: nahesabu mara mbili. Mafungu ya mihogo nahesabu mara mbili. Wanangu wakiingia ndani jioni nawahesabu mara mbili, ingawa hakuna aliyewahi kunizidishia mmoja. Mtu akija na maneno ya serikali, naye namsikiliza mara mbili, mara ya kwanza kwa adabu, mara ya pili kwa masikio.

Kwa hiyo nilimpima mapema, kwa papai.

"Papai hili bei gani, mama?"

Nikamtajia bei ambayo hata mie niliionea haya. Akafungua pochi, akalipa, akaliweka papai kwenye kapu la baiskeli. Alikuwa keshapanda nilipomwita.

"Bibi Shamba! Rudi hapa. Ile haikuwa bei. Ile ilikuwa salamu."

"Salamu?"

"Mie nataja ya juu, wewe unataja ya chini. Mie nakasirika, nakuuliza kama papai nimeliokota. Wewe unaondoka. Mie nakuita. Ndiyo biashara. Haya, anza."

Akasimama, akafikiri. Akasema, "Punguza kidogo, tafadhali."

"Hakuna tafadhali! Ukisema tafadhali nami napandisha!"

Hakujifunza kamwe. Kijiji kizima kilimuuzia mayai mabovu na kuku wenye umri wa kuheshimiwa. Hata mchicha alinunua, mtaalamu wa kilimo, kwa sababu bustani yake mwenyewe nyuma ya nyumba ilikuwa kichekesho. Matembele yalijikunja, pilipili ikakauka, mnyanya ukaota kimo cha mtu bila kuzaa hata nyanya moja. Wanawake walikuwa wakipita njia ile makusudi, waende kisimani wakiwa wamefurahi.

"Bibi Shamba, bustani yako ina nini?"

"Ina mimi," alijibu. "Naibembeleza sana. Shamba la watu naliuliza, langu naliamulia."

Nguo zake zote zilikuwa na vitundu. Gauni lina vitundu, kitenge cha juu kina vitundu, hata kile kitambaa cha kichwa cha sikukuu. Tulidhani ni mende. Kumbe ni dawa iliyokuwa ndani ya sanduku lile la mbao, kwenye kichupa cha kioo kilichozungushiwa pamba na kitambaa kisivunjike. Ikidondoka tone moja kwenye nguo, kesho yake pale pana dirisha. Kichupa kile hakuna mtu aliyeruhusiwa kukigusa. Kwa mapapai ungeweza kumwibia mchana kweupe, lakini ukinyoosha mkono karibu na sanduku lile, jicho lake lilikuwa linakurudisha nyuma hatua tatu.

Sasa nieleze habari ya pamba, maana bila pamba asingekuja.

Tulikuwa na shamba moja kubwa la kijiji, sehemu ya chini bondeni na sehemu ya juu kwenye mteremko wa kichanga. Mkutano ulikuwa umepitisha kwamba mavuno ya mwaka ule yakiwa mazuri, kijiji kinanunua mashine ya kusaga. Yakiwa mabaya, hakuna mashine. Wanaume walipiga makofi kwa sababu katibu alipiga makofi. Wanawake tulipiga makofi kwa sababu tunazo shingo, na ndizo zinazobeba debe. Mashine ya karibu ilikuwa Pugu. Unatoka asubuhi na debe kichwani, unakaa foleni na watu wa vijiji vyote vya duniani, unarudi jua limekufa, umepauka kwa unga kama mzimu, na watoto wamelala njaa wakikusubiri. Usipokwenda, unatwanga. Viganja vyangu vilikuwa vimekwisha kuwa vigumu kama nyayo kabla sijaolewa. Wengine walipolitazama shamba lile waliona pamba. Mie niliona mashine, imesimama kwenye mistari, imeota majani.

Siku ya kwanza alipotaka majani ya kupima, alifanya kosa la kutuachia sie tuyachume. Alisema tu, "Kesho asubuhi niletewe majani ya pamba, nataka kuyaangalia," akapanda baiskeli.

Jamani, mgeni ametumwa na wilaya, anaomba majani. Utampa jani gani? Tulichuma makubwa kuliko yote, mapana kama sahani, yasiyo na tobo hata moja. Tukayaosha kisimani. Mama mmoja, jirani yangu, mtu wa Lindi mwenye mikono safi kupita wote, akasema yamefifia, akaenda ndani akaleta mafuta ya nazi, tukayapaka moja moja kwa kitambaa mpaka yakang'aa. Tukayapanga kwenye ungo, tukafunika kwa kawa jipya la ukili, jekundu na kijani. Nikahesabu: majani arobaini. Nikahesabu tena: arobaini.

Bibi Shamba akafunua kawa.

Alitazama muda mrefu. Akashika moja, likamteleza mkononi. Akashika jingine. Halafu mabega yakaanza kutikisika, akakaa chini vumbini na mabuti yake, akacheka mpaka machozi yakamchuruzika, na sie tukaanza kucheka bila kujua tunacheka nini.

"Nani kayapaka mafuta?"

"Mie," alisema mama wa Lindi kwa fahari.

"Mama, haya majani yamependeza kuliko mimi siku ya harusi yangu. Lakini bibi harusi ukimpima damu huku kavaa dhahabu, utapima nini? Haya makubwa ni ya chini. Yamekwisha kutoa chakula chote kwenda juu. Njooni shambani."

Tukaenda. Akashika mmea mmoja kileleni, akashuka kwa kidole. "Hili changa. Hili changa. Hili bado. Hili la nne, limemaliza kukua sasa hivi. Hili ndilo linasema." Akalichuma na kikonyo chake, kile kijiti kinachoshika jani kwenye shina. Kisha, mbele ya macho yetu, akalikata jani lote, akalitupa, akabaki na kijiti.

"Ametupa mboga kachukua mti!" mtu akanong'ona.

"Chakula kinapita hapa," alisema, akionyesha kijiti. "Ukitaka kujua kama nyumba ina maji unachungulia mtungi, huchunguzi pazia."

Kuanzia siku ile kila wiki alikuwa shambani saa mbili asubuhi, saa ileile, kwa kuwa alisema mmea wa asubuhi na mmea wa mchana hawazungumzi sawa. Mvua ikinyesha, haji. Mimea ya karibu na barabara, yenye vumbi, haigusi. Alikuwa akitembea kwa kupindapinda, huku mara kule, kama mtu aliyetoka kilabuni, na watoto walikuwa wakimwimbia kwa mbali, "Bibi Shamba kalewa!" Naye anawapungia mkono, anaendelea kulewa. Vikonyo alikuwa akivitia kwenye mfuko wa karatasi, akivipeleka nyumbani kwake na kufunga mlango.

Ndipo mbolea ikafika. Magunia ya mbolea ya chumvichumvi, yamepangwa ghalani hadi juu. Nilihesabu. Mara mbili. Pamba ilikuwa imeanza kutoa maua, yale yanayofunguka meupe asubuhi na kesho yake yanakuwa ya waridi. Mwenyekiti, mtu mwema mwenye sauti ya kuitia mashua, akaitisha mkutano.

"Ndugu wananchi, kesho wote shambani, mbolea yote iingie ardhini!"

Makofi. Bibi Shamba akanyoosha mkono.

"Ndugu Mwenyekiti, mbolea isiwekwe."

Hata kuku walisimama.

"Isiwekwe? Bibi Shamba, mbolea ikilala ghalani mwaka huu, mwakani wataiona imelala, watatuambia hamkuihitaji, wawape wengine. Halafu wageni wa wilaya wanakuja. Nataka shamba liwe kijani mpaka liwaumize macho!"

"Litakuwa kijani. Litapanda kama msitu, litakuwa na majani ya kulisha ng'ombe wa mkoa mzima, na vitumba vya pamba vitakuwa vya kutafuta kwa tochi. Mmea umeshiba. Ukimlisha aliyeshiba, atanenepa tu, hatafanya kazi. Mnataka majani au mnataka mashine?"

Neno mashine likanigusa penye mshipa. Nikasimama, nikafanya kazi ninayoijua.

"Bibi Shamba, tusigombane. Weka nusu."

"Hapana."

"Robo, basi."

"Hapana."

"Gunia mbili tatu, za kumridhisha Mwenyekiti, ana moyo mwepesi."

"Mama, mimi naweza kupatana. Kikonyo hakipatani."

Mtu huyuhuyu asiyeweza kupunguziwa papai! Nikaona kwamba nilikuwa nimempima kwa mzani usio wake.

Akaenda nyumbani kwake, akarudi na sanduku, akalifungua mbele ya mkutano. Akatoa mfuko wa karatasi wa asubuhi ile, akachomoa kikonyo, akakipasua kwa wembe juu ya kisahani cheupe. Akafungua kichupa kwa mkono thabiti, akadondosha tone. Tukainama wote. Pale penye mkato pakageuka buluu, buluu nzito ya wino wa shule.

"Ikiwa buluu, kashiba. Isipogeuka, ana njaa. Ndiyo yote."

"Hiyo ni wino!" akasema mtu nyuma.

"Njoo uinywe basi," akajibu bila kuinua uso. Watu wakacheka. Lakini mie sikucheka. Mara moja kwangu si hesabu.

"Bibi Shamba, hicho ulichagua wewe. Ngoja nichague mie."

"Nenda. La nne kutoka juu."

Shamba halikuwa mbali. Nilipanda mteremkoni, sehemu ya juu, kwa sababu tu njia ya juu haikuwa na tope. Nikashuka na kidole: changa, changa, bado, hili. Nikarudi na kikonyo changu nimekishika kama mshumaa. Akakipasua. Tone.

Tukangoja.

Hakuna kitu. Kikonyo kilikaa kwenye kisahani vilevile, kimelowa, hakina habari.

Ghasia! Mwenyekiti anasema ameona sasa. Yule wa nyuma anasema wino umekwisha. Mama wa Lindi ananivuta kanga, "Umeharibu au umetengeneza?" Mie mwenyewe sijui. Namtazama Bibi Shamba, nategemea kumwona ameaibika mbele ya kijiji, na wenzake wa wilaya wangeanza hapo kufoka na kutuita wajinga.

Amesimama, uso wote meno.

"Umechuma wapi?"

"Juu. Mteremkoni."

"Juu!" Akapiga paja. "Kwenye mchanga! Mvua yote ya masika imeshuka na chakula chao, na mimi ninapita huku na kule, nachanganya vikonyo vya juu na vya chini mfuko mmoja, halafu natoa kimoja nasema shamba zima limeshiba! Nimefanya kama mtu aliyechungulia chungu cha jirani akasema mtaa mzima umekula. Ndugu Mwenyekiti, nilikosea. Haya si shamba moja. Ni mashamba mawili!"

Sijapata kumwona mtu aliyefurahi hivyo kukosea. Wengine tukikosea tunatafuta wa kumbebesha. Yeye alikuwa anatafuta wa kumkumbatia, na akanipata mie, na kitenge chake chenye vitundu kikaninukia dawa.

Bondeni, kulikokuwa na zizi la ng'ombe siku za nyuma kabla hatujahamia, mimea ilikuwa imeshiba kweli. Juu ilikuwa na njaa. Jioni ileile tulipanda mteremkoni na magunia, tukaweka mbolea kwa kipimo cha kizibo, kila shina kizibo kimoja, tukifunika kwa udongo kwa vidole vya miguu huku tukiimba. Magunia mengine yakabaki ghalani, Mwenyekiti akiyatazama kama mtu anayetazama pilau imefunikwa. Kila wiki Bibi Shamba alipima mifuko miwili, wa juu na wa chini. Bondeni vitumba vilipoanza kujaa na buluu ikaanza kupauka, ndipo akasema, "Sasa. Kidogo." Mwenyekiti alibeba gunia la kwanza mwenyewe, mgongoni.

Kijijini buluu likawa neno. Mtu akila akashiba anajipiga tumbo, "Nimekuwa buluu." Mtoto akilia njaa, "Huyu hajageuka." Hata shehe, kwenye karamu ya Maulidi, nilimsikia akikataa sahani ya pili kwa neno hilo.

Bibi Shamba hakuyaona mavuno. Uhamisho wake ulifika vitumba vikiwa bado vimefunga, vigumu na vya kijani. Barua ya kazi haisubiri pamba ipasuke. Alikuja njia panda na baiskeli kuniaga.

"Utanipelekea habari kama mashine imepatikana?"

"Nipeleke wapi? Wewe mwenyewe hujui unakokwenda."

"Basi nitakuja kuuliza."

Akanunua papai. Akalipa bei ya salamu, na safari hii nikamwacha aende nalo.

Miaka ikapita, mingi ya kutosha wanangu kuacha kuhesabiwa. Mie nikawa na kibanda chenye mabati pale palepale njia panda, na Dar es Salaam ikawa inasogea kwetu kidogo kidogo bila kuagizwa. Mchana mmoja mtu mzima akashuka kwenye lori la mkaa, ana fimbo, ana kitambaa cha kichwa. Nilikitazama kile kitambaa mara mbili. Kilikuwa na vitundu.

"Shikamoo, Bibi Shamba."

"Marahaba. Papai hili bei gani?"

Nikamtajia ya juu, nimbane. Akanitazama, akataja ya chini, ya chini kabisa, ya matusi. Nikamwuliza kama papai nimeliokota. Akageuka, akaondoka! Hatua kumi nzima na fimbo yake. Nikamwita kwa kelele, njia panda nzima ikageuka, akarudi akiwa anacheka kama msichana.

"Nani kakufundisha?"

"Wewe. Nimechelewa kuota tu."

Nikampa kiti. Nilikuwa na habari yake imenijaa mdomoni, nimeitunza miaka yote, nimeifanyia mazoezi jinsi nitakavyoisema. Nilisubiri aniulize. Hakuniuliza. Alikunywa maji mpaka tone la mwisho, halafu akageuza shingo.

Binti mmoja alikuwa anapita, wa miaka kumi hivi, ndoo kichwani, nyusi nyeupe.

"Mwanangu, simama. Unga huo umesagwa wapi?"

"Mashineni, bibi."

"Mashine ipi?"

Binti akamtazama kama mtu anayeulizwa jua liko wapi. "Si yetu? Ile nyuma ya shule. Husikii?"

Kweli ilikuwa inasikika, tu-tu-tu-tu, nilikuwa nimeacha kuisikia siku nyingi. Bibi Shamba aliinamisha kichwa, akasikiliza, mkono umetulia juu ya fimbo.

"Imekuwepo tangu lini?"

"Sijui, bibi. Mie nimeikuta."

Nikashindwa kuvumilia. "Na mie hapa? Nimekaa na habari yote, nilikuwepo siku inashushwa, nimesaga wa kwanza, na unamwuliza mtoto aliyeikuta?"

"Wewe ni jani la chini, bi mkubwa," alisema, akinigusa gotini. "Mimi pia. Tumekwisha kutoa chakula chetu kwenda juu."

Akamwambia binti ainame. Akachota unga kidogo kwa ncha ya kidole, akaulamba, akafumba macho, tukangoja.

"Buluu," akasema.